Uchovu wa Bwana Mhoma na Masinia ya Vouvouni

Mwezi uliopita walinipa saa ya ukutani, wakanisomea risala ndefu, wakaniambia sasa nikapumzike. Lo! Mwanamke aliyemaliza ujana wake akiwauliza watu kwa nini wamechoka, leo anaambiwa akapumzike. Nilipumzika siku nne. Ya tano nikatafuta daftari.

Nawaandikia nyinyi mliobaki maabara, hasa wale wawili mliosoma Dar es Salaam, maana najua Kiswahili hakiwapi tabu. Mimi nilizaliwa Unguja, baba Mngazidja, mama wa Ndzuani, na ingawa nimeishi visiwani kwetu tangu usichana wangu, nikikasirika bado nakasirika kwa Kiswahili. Watu wote humu walizungumza lugha za kwetu, na Kifaransa kidogo, nami nimewasemesha kwa lugha ninayoiweza vizuri zaidi kugombezea. Vyeo na mishahara siandiki. Anayetaka hayo akaulize wizarani, na aende na mkeka wa kukalia.

Nilianza kazi hospitali ya Mutsamudu, kule Ndzuani, mwaka ule wa sabini na nane, mamluki wa Kizungu walipoteremka Ngazidja na serikali ikabadilika tukiwa tumelala. Mutsamudu tulisikia redioni. Mama akaniuliza, "Sasa kazini utakwenda?" Nikamwambia wagonjwa hawajabadilika. Nikaenda.

Kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo vya maabara. Hakuna aliyenieleza zaidi ya hapo. Nilikuta mezani chupa kumi na moja, kila moja ina maji ya manjano ndani na kikaratasi kimefungwa shingoni. Nikasema moyoni, hawa watu wachafu kweli. Nikazimwaga zote, nikazisugua kwa majivu, nikazipanga dirishani zikang'aa.

Mkuu wa maabara alikuwa Fundi Halidi, mtu mzima, mwembamba, koti lake jeupe ungedhani bado limetundikwa kwenye msumari. Aliingia, akazitazama chupa.

"Zinapendeza," akasema. "Sasa nenda wodini, kawaombe wenyewe wakujazie tena. Na kila mmoja mweleze kwa nini."

Nilizunguka vitanda kumi na kimoja. Mzee mmoja alinikatalia kabisa, akasema ule wa asubuhi ndio uliokuwa mzuri na mwingine kama huo hanao. Nilirudi na chupa kumi na machozi. Fundi akanipa kiti, akaniambia keshokutwa ataanza kunifundisha darubini, kwa sababu mtu aliyepata aibu ya namna ile siku ya kwanza hawezi tena kudharau mkojo.

Jambo lililomtia Fundi wazimu lilikuwa neno moja. Karatasi zilikuja kutoka kwa waganga wa hospitali zimeandikwa: *Amechoka. Pima.* Basi hapo alikuwa akivua miwani.

"Amechoka! Nani hajachoka? Punda wa bandarini amechoka. Hii ni salamu, binti. Mgonjwa amemsalimu mganga, mganga ameiandika salamu kwenye karatasi, na sisi tunaambiwa tuipime!"

Ndipo alipokuwa akitoka yeye mwenyewe kwenda kumuuliza mgonjwa. Swali lake la kwanza halikubadilika maisha yake yote: "Umechoka tangu lini?" Wengi hawakuwahi kuulizwa hivyo. La pili: "Unaamka umechoka, au unachoka ukipanda?" La tatu: "Ni kitu gani ulikuwa ukikifanya, na sasa hukifanyi?" Kisha alivuta kope la chini kwa kidole gumba kuona kama ndani ni jekundu au jeupe, akatazama kucha, akatazama miguu kama imevimba. Haya yote kabla ya kugusa sindano.

Mwenye kudai anachoka akipanda, alimpeleka ngazini. Mnaijua ngome ya Mutsamudu na zile ngazi zake zisizokwisha. Fundi alisimama chini kwenye kivuli cha mwamvuli, mgonjwa akapanda, nami nikapanda nyuma yake nikihesabu amepumzika mara ngapi, anahema vipi, ameshika kifua au ameshika kiuno. Nikishuka, natoa ripoti. Wagonjwa walinung'unika kwamba wamekuja kutibiwa uchovu wakaongezwa mwingine. Anayehema mno, anayeumwa kifua au aliyevimba miguu hakupandishwa hata ngazi moja, huyo alikwenda kwa daktari moja kwa moja. Na nyinyi msinipandishe watu ngazi siku hizi, mnavyo vipimo. Lakini swali msiliache.

Namkumbuka muuza samaki mmoja wa Mirontsy, mama wa watoto sita. Mumewe alisema ni mvivu, mawifi wakasema ana jini linalopenda usingizi. Alikaa ngazi ya kumi na mbili, akaniambia, "Mwanangu, nenda wewe, utaniambia huko juu kukoje." Kope lake lilikuwa jeupe kama tui. Tulipomuuliza vizuri ikajulikana hedhi yake ilikuwa nzito kuliko ya wenzake, anatembea pekupeku shambani, anakula udongo kwa siri na anashushia kila mlo kwa chai ya rangi kikombe kikubwa. Chini ya darubini tukakuta mayai ya safura. Damu ilikuwa inamtoka huku na kule, na chai inayazuia madini ya chuma kidogo anayoyala yasiingie mwilini. Alipewa dawa ya minyoo na vidonge vya madini ya chuma, akaambiwa chai ingoje saa mbili baada ya chakula. Baada ya miezi mitatu alipanda mpaka ngomeni, akasimama juu, akamtukana mumewe kwa jina lake zima, na mji mzima ukasikia. Fundi alisema hicho ndicho kipimo bora kabisa cha damu alichowahi kukiona.

Wapo waliotufundisha na hawakuwa na kitu chupani. Karani mmoja alisinzia mezani kwa mwaka mzima, tukampima kila kitu, kumbe anameza vidonge vya mafua asubuhi na jioni kwa sababu anapenda rangi yake ya manjano. Baharia mmoja mnene alilala saa kumi nzima usiku na kuamka hoi, mpaka mkewe alipotuambia kwamba anakoroma, ananyamaza kabisa kama amekufa, kisha anashtuka na kuvuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini. Na bibi mmoja aliyevaa sweta mchana wa joto, sauti nzito, uso umevimba, Fundi akamgusa shingoni tu akamwandikia barua aende akatazamwe tezi nje ya nchi, maana sisi hatukuwa na kipimo hicho. Hao wote karatasi zao zilisema kitu kimoja: amechoka.

Baada ya miaka minne nilihamishiwa Moroni. Mamluki walikuwa wameshazoeleka mjini. Walilinda ikulu, walivaa nguo nyeusi, na watu walijifunza kuwapisha njiani bila kuwatazama sana. Siku moja akaingia mmoja maabara, mrefu, bunduki begani. Wenzangu watatu walikumbuka ghafla kuwa wana shughuli uani. Nikabaki peke yangu na chupa ya spiriti mkononi.

Akainama, akaninong'oneza, "Madamu, nimechoka."

Mwenyezi Mungu anisamehe, nilitaka kucheka. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu alipoanza kutembea bila viatu mashambani siku za mapumziko, kwa sababu alisoma mahali kwamba ni afya. Nikampa kibati kidogo na kijiti, nikamweleza kwa ishara anachotakiwa kukileta. Uso ukawa mwekundu. Kesho yake akakileta kibati, amekificha chini ya koti, akaniwekea mezani, akapiga saluti. Safura, bwana, imejaa tele. Mtu aliyetisha kisiwa kizima alikuwa ananyonywa na vidudu visivyozidi urefu wa punje ya mchele. Nilimpa karatasi ya dawa na amri ya kuvaa viatu. Kumbukeni mzungu huyu, maana atarudi.

Sasa nije kwa Bwana Mhoma.

Bwana Mhoma alikuwa msimamizi wa matishari katika bandari ya zamani ya Moroni. Meli kubwa zilitia nanga mbali, mashua zikaenda kuchukua mizigo, na yeye alisimama gatini akiziongoza kwa sauti yake tu. Sauti ile ilifika melini bila msaada wa kitu. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na kidogo, na alikuwa bado hajafanya harusi kuu. Kwa Ngazidja mnajua maana yake: hata uwe na mvi mpaka kwenye nyusi, katika mkutano wa mji unakaa nyuma na vijana na husemi. Alijiandaa miaka ishirini. Mwishowe akamwoa Ramlati, mwalimu wa shule, binti mkubwa wa nyumba moja ya heshima kule Vouvouni, nje ya Moroni.

Kwa desturi ya nyumba ile, bwana harusi akishaingia kwa mkewe anakaa ndani siku tisa, hatoki, analishwa. Siku ya tisa anatoka amevaa joho, anatembea mpaka uwanjani, na mji unamtazama. Akitoka amenenepa na anang'aa, nyumba ya mke imepata jina. Akitoka kabla ya siku hizo, harusi imeharibika, na watoto wa watoto watatajiwa.

Aliyeongoza jiko alikuwa Ma Zahara, mama mkubwa wa Ramlati, mwanamke mpana aliyetembea na mwiko mkononi hata akienda msikitini kusikiliza darsa. Masinia yalitoka kwake mara sita kwa siku: pilau, nyama, wali wa maziwa ya mgando na asali, mkate wa sinia, halua, na sharubati kwa mitungi. Majirani walihesabu yanayoingia yamejaa na yanayotoka matupu.

Siku ya pili ya harusi, Ramlati akaniletea chupa maabara, imefungwa kwa karatasi za daftari la mazoezi.

"Dada," akasema, "mume wangu amechoka."

Nikamwambia, bibi, siku ya pili ya harusi, hilo si la kuletwa maabara.

Hakucheka. "Anakunywa mtungi mzima wa sharubati, halafu anaomba maji. Anakwenda chooni mpaka nimeacha kuhesabu. Alikuwa akifokea meli, sasa hata kuniita jina anahema. Joho lilishonwa miezi mitatu iliyopita na linamning'inia. Na chooni, dada, sisimizi wamepanga foleni." Akaishika meza. "Mama mkubwa anafurahi. Anasema kiu ni dalili ya raha, na kulala ni dalili kwamba ameridhika na nyumba. Kila akichoka anaongezewa asali ya kumpa nguvu. Mimi sitaki kuwa mjane wa wiki moja."

Nikatia dawa ya buluu kwenye kijaribio cha kioo, matone manane ya mkojo, nikachemsha juu ya taa ya spiriti. Nyinyi mna mashine, sisi tulikuwa na rangi: ikibaki buluu hakuna sukari, ikawa kijani ipo kidogo, manjano imezidi, ikiwa nyekundu ya tofali ni hatari. Ya Bwana Mhoma haikupitia hata kijani. Ilikwenda tofali moja kwa moja, nikakimbilia nayo kwa daktari.

Daktari wetu alisema aletwe hospitali mara moja. Ramlati akasema mumewe hatatoka, mwenyewe anasema afadhali afie ndani. Daktari akaja nasi Vouvouni jioni kana kwamba amekuja kupongeza, akamnusa pumzi, akampima, akakaa kitandani akifikiri. Hatimaye akasema: insulini asubuhi na jioni, maji kwa wingi, chakula kwa kipimo, na mkojo uangaliwe kila siku. "Lakini akitapika, au akianza kunuka mdomoni kama tunda lililooza, au akiamshwa asiamke, nitakuja kumbeba mwenyewe na kitanda chake, harusi au si harusi."

Bwana Mhoma akajibu kwa sauti ya mtoto, "Nimengoja miaka ishirini kusema neno moja mkutanoni. Siku saba zimebaki. Nisaidieni nizifike."

Basi insulini tulikuwa nayo. Tatizo lilikuwa masinia. Yakirudi na chakula, Ma Zahara atajua, majirani watajua, na itasemwa bwana harusi amekidharau chakula cha mke. Kuyamwaga hatukuweza, maana nyumba ilijaa macho. Ilibidi yaliwe, na yaliwe mle mle ndani.

Hapo nikamkumbuka Fundi Halidi.

Fundi alikuwa amestaafu, na wiki ile alikuwa kwangu Moroni, amevuka bahari kutoka Mutsamudu kuja kutengenezewa meno ya bandia. Ameyapata juzi yake na hajui ayafanyie nini. Nikamweleza. Akavua miwani, akaipangusa.

"Unataka niende nikale," akasema, "chakula cha harusi kuu, mara sita kwa siku, kwa ajili ya sayansi."

"Ndiyo, Fundi."

"Na Mola ashukuriwe kwa haya meno."

Tulimwingiza kama shehe kutoka Ndzuani, aliyekuja kumsomea bwana harusi dua za baraka. Sura yake ilifaa. Kila sinia likiingia, Fundi anaomba mlango ufungwe. Mhoma anapewa kipande cha samaki, mboga, wali wa kiasi cha ngumi. Fundi anayamaliza yaliyobaki. Ukumbini wanawake walisikia kuguna na kuomboleza kwa muda wa saa nzima, kisha mlango unafunguliwa, Fundi anatoka akijishika ukuta, jasho linamtiririka, macho yamelegea. Wakaambizana, huyu shehe anapambana na mambo makubwa. Siku yake ya tatu mle ndani wakaanza kumletea watoto awapulizie. Alikataa, alihofia akivuta pumzi kubwa atapasuka.

Kati ya sinia na sinia alimtembeza Mhoma. Nyumba ilikuwa na ngazi ya ndani ya kupandia darini, na mzee yule, tumbo mbele, alisimama chini akihesabu kama zamani: "Panda. Umechoka? Wapi? Kifua au magoti? Haya, shuka."

Mimi nilitoka Moroni kila asubuhi na kila alasiri, Ma Zahara akiambiwa naleta sindano za nguvu, kapu mkononi: chupa ya chai yenye barafu na insulini ndani, sindano, vijaribio, taa ya spiriti, na dawa ya buluu. Siku ya nne kulikuwa na kizuizi njiani. Askari wakaniteremsha garini. Mmoja akaitoa ile chupa ya buluu, akaitoa na taa, akazitazama pamoja, akarudi nyuma hatua tatu. Sindano ilipoonekana wakapaza sauti. Nikawaambia ni dawa ya kuchemsha mkojo wa bwana harusi, na naona hilo halikusaidia. Mvua ya matusi ikiwa njiani, akaja mkubwa wao wa Kizungu kutoka chini ya mti, ananyata. Mimi nikamtazama viatu kwanza. Alikuwa amevaa.

Akanitambua. Masikio yakawa mekundu, akasimama wima, akapiga saluti. Akawaambia askari wake kwamba madamu huyu apite kila siku, na kapu lake asiliguse mtu. Wakaniuliza ni nani mimi. Mzungu akawajibu kwamba hiyo ni siri ya kijeshi.

Siku ya sita tulipata hofu. Nilimkuta Mhoma anatetemeka, jasho la baridi, anaongea ovyo. Sukari ilikuwa imeshuka mno, sindano ya asubuhi ilimzidi kwa kuwa samaki na wali wake vililiwa na Fundi kwa kusahau. Nikakimbilia asali, nikampa vijiko vitatu kwa mkono wangu. Kwa bahati mbaya mlango ulikuwa wazi, na Ma Zahara alisimama pale na mwiko wake. Akaona asali inaingia, akaona baada ya muda mfupi bwana harusi anafumbua macho, anauliza yuko wapi, anakaa.

"Si nilisema!" akapiga kelele. "Si nilisema asali! Na huyu wa hospitali mwishowe kaelewa!" Akaongeza masinia yakawa manane kwa siku. Fundi aliposikia alikaa chini sakafuni, akavua meno yake, akayatazama kama mtu anayewaaga ndugu.

Lakini rangi zilikuwa zikibadilika. Kutoka tofali tukafika machungwa, kisha manjano. Siku ya nane kijaribio kilikuwa kijani cha jani changa, na Bwana Mhoma alinifokea kwa kuchelewa. Alinifokea kwa sauti yake halisi, vikombe vikalia kabatini. Ramlati akaingia mbio, akasimama mlangoni, akalia kwa furaha mpaka kilemba kikamwanguka.

Likabaki joho. Kiu ilikuwa imempunguza kabla ya harusi, na sisi tulikuwa tumempima chakula siku saba. Alikuwa na nguvu, lakini alikuwa mwembamba, na nyumba ile ilikuwa imeonekana ikimlisha kama jeshi. Atatokaje? Nikajitolea shiromani yangu, ile nguo ya kujitanda ya wanawake wa Mutsamudu, nyekundu na nyeupe, kubwa, aliyonipa mke wa Fundi nilipohama. Tukamzungushia tumboni chini ya kanzu, tukaikaza kwa pini. Akapata kitambi cha heshima. Fundi alisimama kando yake na chake cha kweli, na walilingana.

Alitoka. Ngoma, vigelegele, wazee wamepanga mstari, Ma Zahara mbele kabisa akigawa tabasamu kwa maadui zake. Mhoma alitembea sawasawa, hahemi, mimi nyuma nikihesabu hatua kwa mazoea. Tulipoingia uwanjani nikaona pini imeachia. Kitambi kikaanza kuteremka. Kikafika kwenye nyonga. Kikafika magotini. Kisha ncha ya shiromani, nyekundu, ikatokeza chini ya kanzu nyeupe ya bwana harusi, ikaanza kuburura vumbi mbele ya mji mzima.

Ngoma zikanyamaza moja moja. Mwanamke mmoja akaangua kicheko, akajiziba mdomo. Nilimwona Ma Zahara uso unamsinyaa, na Wallahi nilitaka ardhi inimeze.

Bwana Mhoma akatazama chini. Akainama, akaivuta shiromani yote, mkono juu ya mkono, kama anavuta kamba ya mashua. Akaikunja vizuri, akaishika kifuani. Siku hiyo ndiyo aliyopata ruhusa ya kusema mbele ya mji, na hivi ndivyo alivyosema, kwa sauti iliyotoka Vouvouni ikafika baharini:

"Mimi nina ugonjwa wa sukari! Kiu ilikuwa haikatiki, na nilikokojoa sisimizi walipanga foleni! Nilikuwa nakufa ndani ya nyumba ile, na nilikuwa nakufa kwa asali. Hakuna aliyenidhulumu. Walinipenda, wakanilisha, nami kwa aibu nikafunga mdomo, nikasema nimechoka tu. Mke wangu ndiye aliyeuliza. Masinia ya Ma Zahara yameliwa yote, hakuna punje iliyotupwa, na anayetaka ushahidi amtazame shehe!"

Watu wote wakamtazama Fundi Halidi. Fundi akacheua.

Kisha mzee mmoja wa mstari wa mbele, aliyefanya harusi kuu yake zamani na kula za wenzake zote tangu hapo, akakohoa.

"Hiyo kiu," akasema taratibu, "inakuwaje hasa?"

Na mwingine pembeni yake: "Sisimizi, ulisema?"

Ma Zahara aligeuka, akaondoka uwanjani na mwiko wake, mgongo umenyooka. Ramlati alinishika mkono, akaniambia, "Huyo hatatusamehe." Nami niliamini hivyo.

Jumatatu yake nilikuta foleni nje ya maabara. Waheshimiwa wa Vouvouni, kila mmoja kanzu na kofia ya kutarizi, kila mmoja ana kitu amekificha ndani ya mwamvuli, ndani ya gazeti, ndani ya mkoba wa Kurani ulioondolewa Kurani kwanza. Kila mmoja alidai amemletea mwenzake. Tulichemsha mpaka spiriti ikaisha, na zilizokwenda tofali zilikuwa nyingi. Fundi alipima na mkojo wake. Ulibaki buluu, lakini aliniambia siku saba zile zimemfundisha uchovu mmoja ambao hakuwahi kuufundisha mtu, na akarudi Mutsamudu, kwa wiki nzima hakula ila uji.

Siku ya tatu, foleni ilipokwisha, akaingia Ma Zahara. Hana mwiko. Akaweka mezani chupa iliyofungwa kwa leso mpya, akakaa kabla sijamkaribisha.

"Sijaja kwa ajili yangu," akasema. "Nimekuja kuona mnavyodanganya watu."

"Karibu, Ma Zahara."

"Mimi siumwi. Nimechoka tu."

Nikavuta daftari. Kalamu ilikuwa imeshafika kwenye karatasi, imeshaandika herufi ya kwanza ya neno lile, nikajisikia Fundi amesimama nyuma yangu anavua miwani. Nikaikata ile herufi. Nikamuuliza, "Umechoka tangu lini?"

Alinitazama kama nimemwuliza jina lake la utotoni. Akaitazama mikono yake, mikono iliyopakua masinia ya harusi za mabinti wote wa ukoo ule.

"Tangu siku ya harusi yangu, mwanangu," akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na sita. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Nikaifungua leso, nikawasha taa.